Nyumba ya Mitumba

Waliingia Jumamosi saa nne asubuhi, mume na mke, wote wamevaa raba nyeupe. Mama alikuwa amepiga deki mara mbili. Mume alitazama dari, mke akatazama ukuta wa jikoni, pale karibu na sinki ambapo unyevu hupanda kila msimu wa mvua na rangi ikabambuka. Akaweka kidole. Kipande cha rangi kikaanguka sakafuni.

“Pole,” akasema, kana kwamba ameumiza mtu.

Kwapani alikuwa amebana brosha. Niliitambua kabla sijasoma chochote: rangi ya kijani, mama kijana kwenye roshani, kikombe mkononi, jua linachomoza nyuma yake. Chini ya picha kulikuwa na maneno matatu. *Hamia kesho yako.*

Maneno hayo ni yangu. Niliyaandika nikiwa nimeketi kwenye hicho hicho kiti cha jikoni ambacho mume wake alikuwa anakisogeza ili aone kama kuna ufa nyuma yake. Nililipwa shilingi 18,000 kwa brosha nzima, matangazo 2 ya redio na maneno ya mabango. Kampuni ilitaka Kiswahili “cha watu, lakini kiwe na heshima”. Nikawapa. Sikuwa nimewahi kufika kwenye hizo fleti. Nilitumiwa picha zilizochorwa kwa kompyuta, na kutoka kwa picha nikaandika habari za upepo mwanana.

Sasa maneno yangu yalikuwa yamerudi nyumbani yakitaka kutufukuzia mteja.

Walikaa dakika 20. Mume aliuliza kama kuna jimu hapa karibu. Mama akamwambia iko moja huko Mumias South Road, lakini hajui bei. Mke aliuliza kama majirani ni watulivu. Walipoondoka walitushukuru sana. Ukiwahi kuuza nyumba utajua: anayeshukuru sana harudi. Anayerudi ni yule anayetoka amenuna.

*

Wacha nieleze tulifikaje hapo.

Nyumba yetu iko Buruburu. Mtaa huo ulijengwa kuanzia miaka ya 1970, feizi baada ya feizi hadi zikafika 5, na kila feizi imegawanywa kwa makoti, yaani nyumba kadhaa zinazozunguka uwanja mdogo wenye lango moja. Kuta nyeupe, mapaa ya vigae vyekundu, vyumba vya kulala ghorofani, bustani ndogo mbele. Kuna wakati kuishi Buru kulimaanisha kwamba umefika. Matatu za namba 58 zilikuwa na muziki na michoro kuliko za mtaa mwingine wowote, ama ndivyo tulivyoambiana. Siku hizi bustani nyingi zimemezwa. Watu wameongeza vyumba vya kupangisha, saluni, duka la gesi. Lakini ukisimama pahali panapofaa jioni, vigae bado vinang’aa vyekundu.

Baba aliinunua mwaka wa 1996 kutoka kwa mtu mwingine. Kwa hivyo hata kwetu ilikuja ikiwa ya mitumba.

Figo za baba zilianza kukataa kazi nikiwa mwaka wa pili chuoni. Bima ya taifa wakati huo ililipia kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, lakini haikulipia kila kitu, na hicho ambacho haikulipia ndicho kilichotumaliza. Mama, mwalimu wa shule ya msingi, alichukua mkopo wa sacco. Akaongeza mwingine juu yake. Mimi nikaacha chuo mwaka wa tatu. Sikufukuzwa, wala sikufeli. Siku moja karo ilikuwa kwenye simu ya mama na hospitali ikapiga.

Nikaanza kuandika insha za wanafunzi wa Marekani na Uingereza, kazi iliyolisha vijana wengi wa Nairobi kwa miaka kadhaa. Nimewahi kupata alama ya A katika chuo ambacho sijui kiko jimbo gani. Kazi hizo zilipopungua nikahamia maneno ya matangazo. Baba akafariki 2021.

Mtu akifa akiwa na nyumba kwa jina lake, nyumba hiyo haiuziki hadi korti iseme. Tulifungua kesi ya mirathi, tangazo likatoka kwenye Gazeti la Serikali, tukangoja siku 30 kuona kama kuna mwenye pingamizi (baba mdogo alikuwa nalo, akabembelezwa), kisha tukangoja tena miezi 6 ndipo tuombe korti ithibitishe. Ukijumlisha na siku ambazo faili haikuonekana, ilikuwa karibu miaka 2. Katikati ya hiyo kungojangoja mama akastaafu. Mshahara ukakatika, pensheni ikachelewa, na sacco ikaanza kuwakata wadhamini wake.

Hapo ndipo shida ilipokuwa. Wadhamini walikuwa walimu wawili waliofundisha naye. Mmoja alikuwa na mtoto anayeingia sekondari. Deni lililobaki lilikuwa shilingi milioni 1.9, na kila mwisho wa mwezi wanawake hao wawili walikuwa wanalipia ugonjwa wa mume wa mwenzao. Mmoja aliacha kumsalimia mama kanisani. Mama alibadilisha ibada, akaanza kwenda ile ya saa moja asubuhi.

“Hata kama ni milioni tano,” aliniambia usiku mmoja, “mimi nauza.”

*

Dalali wetu aliwahi kuuza nguo Gikomba kabla ya kuingia kwenye mambo ya nyumba, na lugha ya soko haikumtoka. Wauza mitumba huita nguo bora za belo “kamera”, na zile za mwisho kabisa, za kumwagwa chini mtu ajiokotee, huitwa “fagia”. Alizunguka nyumba yetu, akapanda, akashuka, akafungua mifereji, akatoka nje akatazama paa.

“Hii si fagia,” akasema. “Lakini msinidanganye ni kamera.”

Alipendekeza tuanze na milioni 12.5. Kisha akatueleza tunashindana na nani. Mama alidhani tunashindana na nyumba zingine za Buru. Dalali akacheka. Akachukua kalamu.

Kwenye fleti mpya, alisema, mteja halipi milioni 12 kwa mkupuo. Analipa asilimia 10, halafu kidogo kidogo kwa miaka 3 wakati jengo linapanda. Fleti ya vyumba 2 ni milioni 7.8. Jikoni imeshatengenezwa, kabati zimo. Kuna lifti, jenereta, kisima, mtoto ana mahali pa kuogelea. Ushuru wa stempu, ambao mnunuzi mjini hulipa asilimia 4 ya thamani, kampuni inasema itamlipia. Kwa nyumba yetu hiyo asilimia 4 ilikuwa shilingi 500,000 taslimu, kabla mtu hajanunua hata pazia.

“Na nyinyi mna nini?” akauliza.

Mama akafikiria. “Tuna mwembe.”

Nilijaribu kusoma intanetini vile watu wa nchi zingine hufanya wakishindana na wajenzi. Ushauri mwingi ulikuwa wa Marekani. Kule kampuni za ujenzi humpunguzia mnunuzi riba ya mkopo, na mwenye nyumba ya zamani anaambiwa apunguze bei, apake rangi nyeupe, aondoe picha za familia na aoke biskuti ili nyumba inukie vizuri. Nikacheka peke yangu. Habari za riba hazikutuhusu sana. Kenya nzima, watu zaidi ya milioni 50, ina mikopo ya nyumba takriban 30,000 tu kwa hesabu za Benki Kuu. Hapa watu hununua kwa sacco, kwa kuuza ploti ya kijijini, kwa ndugu watatu kuchanga. Rangi nyeupe tulipaka. Picha ya baba mama alikataa kuitoa. Biskuti tulibadilisha, tukaweka chai ya tangawizi na mandazi. Mzee mmoja alikunywa vikombe 2, akala mandazi 4, akajipangusa vidole polepole, akasema yeye ana milioni 7.

Wengine walikuja wakapenda, wakaenda benki. Benki ikatuma mthamini. Na kila mara mthamini alisimama pahali pamoja: chumba cha chini upande wa nyuma, chenye choo na bafu lake, ambacho baba alikijenga mwaka wa 2017 alipoanza kuhisi ngazi zinamchosha. Baba hakuwahi kupeleka ramani yake kaunti. Kwa mthamini chumba hicho hakikuwepo. Ama kilikuwepo kama kosa. Wanunuzi wawili walijiondoa kwa sababu yake.

*

Mwezi wa sita 2024, wiki chache baada ya ule mume na mke, kampuni ya fleti ilinipigia. Wanafungua awamu ya pili. Wanataka brosha nyingine na video 4 fupi. Shilingi 60,000.

Nikasema nitawajibu. Kesho yake nikapanda matatu hadi barabara ya Mombasa kuangalia hii kesho ambayo nimekuwa nikiwahamishia watu.

Kulikuwa na nyumba ya maonyesho karibu na lango, imejengwa peke yake. Msichana aliyevaa suti alinizungusha. Ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Nilitamani kuketi. Lakini baba alikuwa fundi wa mbao kabla ya kuwa karani, na alitufundisha kutembea na futi ya kupimia. Nilipima chumba cha kulala msichana akiwa kwenye simu. Kitanda kilikuwa cha futi 4, kimejaziwa mito 6 ili kionekane kipana. Milango ya vyumba haikuwepo, bawaba tupu zilikuwa zimepakwa rangi. Ukiweka mlango, haufunguki wote bila kugonga kitanda.

Nyuma ya nyumba ya maonyesho kulikuwa na ukuta wa mabati. Nikachungulia. Ile mvua kubwa ya Aprili ilikuwa imejaza shimo la msingi. Maji ya kijani, vyuma vimesimama katikati vikishika kutu, na vyura.

“Kazi iko?” nikamuuliza bawabu.

“Wanasema iko,” akajibu. “Mimi nalinda tu.”

Nilirudi nikiwa na hasira, halafu kwenye matatu hasira ikageuka kuwa kitu kingine. Kwa miezi tulikuwa tumejaribu kuifanya nyumba yetu ifanane na hiyo. Rangi nyeupe, harufu nzuri, kona zote wazi. Na tulikuwa tunashindwa kwa sababu nyumba mpya ina faida ambayo hakuna rangi inaweza kuipatia ya zamani: haijakaliwa na mtu, haijanyeshewa, kwa hivyo hakuna wa kuisema vibaya. Mteja anapenda picha, na picha haina unyevu. Yetu, kila anayeingia anaona miaka karibu 30 ya watu kupika.

Basi nikaandika tangazo jipya. Sikumwuliza mama. Liliendelea hivi, kwa sehemu:

*Mezonet ya vyumba 3, Buruburu, ina karibu miaka hamsini. Ukuta wa jikoni una unyevu upande wa sinki. Fundi amesema 45,000. Vigae 60 vya paa vimebadilishwa mwaka huu. Maji ya kaunti huja siku 2 kwa wiki. Kuna tangi la lita 5,000 na halijawahi kukauka. Kuna chumba cha chini chenye choo na bafu, kilijengwa 2017 bila kibali cha kaunti, kwa hivyo benki haitakihesabu. Hatimiliki iko, mirathi imekwisha, hakuna kesi. Njoo na fundi wako. Njoo mvua ikinyesha. Unaweza kuingia siku 90 baada ya kulipa asilimia 10, na hiyo asilimia 10 inakaa kwa wakili, si kwetu.*

Mama alilisoma kwenye simu ya jirani. Akaja chumbani kwangu.

“Unaianika nyumba ya baba yako kama nguo za ndani?”

“Mama, wakija wanaziona tu.”

“Waje wazione. Lakini usiwaitie.”

Hatukuongea siku 2. Dalali naye alinipigia akisema nimemharibia soko. Alikuwa na haki kidogo, simu zilipungua kabisa.

Na vile vigae 60? Hizo pesa zilitoka wapi? Nilichukua ile kazi. Niliandika brosha ya awamu ya pili, sasa nikijua kuna shimo. Sitajitetea. Niliacha tu yale ya upepo mwanana, nikaandika mambo yaliyokuwa kweli: umbali hadi kituo cha treni, idadi ya lifti kwenye ramani, mpango wa malipo. Mteja wangu alisema safari hii maneno yamekauka kidogo, lakini akalipa. Fundi wa paa alikuwa amefanya kazi kwa deni, akisubiri nilipwe. Kwa hivyo nyumba ya mitumba ilitengenezwa kwa pesa za nyumba mpya, na mama hadi leo anadhani nilipata kazi ya shirika fulani.

*

Aliyenunua alikuja Oktoba. Nesi, miaka 50 na kitu, anaishi fleti ya orofa ya nne kule Umoja. Alikuja na fundi kweli. Fundi aligonga kuta kwa fundo la kidole, akapanda darini, akashuka na utando wa buibui kichwani, hakusema neno. Nesi hakugusa ukuta wa jikoni. Hakuuliza kuhusu jimu. Alienda moja kwa moja chumba cha chini, akatoa futi yake mwenyewe mkobani, akapima mlango.

“Thelathini na mbili,” akamwambia fundi. Kisha akatugeukia. “Mama yangu yuko kwa kiti cha magurudumu. Fleti haina lifti. Kila akienda kliniki vijana wa ploti wanambeba. Mwaka jana walimwangusha.”

Aliuliza kwa nini baba alijenga chumba hicho. Mama akamwambia. Wakaketi, wawili hao, kwenye kitanda cha baba, wakaanza kuzungumza habari za figo, na presha, na ni hospitali gani ina foleni fupi. Mimi na fundi tukatoka nje tukatazama mwembe.

Mwishowe alinuna. Akasema milioni 12.5 ni mzaha. Akasema atatumia sacco yake na ndugu zake wawili, hataki benki, kwa hivyo hana haja na mthamini, lakini kile chumba akija mtu wa kaunti ni yeye atakayesumbuliwa, na hiyo shida ina bei. Walivutana wiki 3. Walikubaliana milioni 10.7. Wakili alipokea 1,070,000 mwezi wa kumi na moja, na Februari 2025 karatasi zikaisha.

Siku pesa zilipoingia mama hakwenda benki kwanza wala kanisani. Alipiga simu mbili. Ya kwanza ilikuwa fupi. Ya pili alitoka nje nayo, akasimama chini ya mwembe, na nilimwona akipangusa uso kwa kanga, akiitikia, “Eeh. Eeh. Hata mimi.” Siku hizi yuko Vihiga anajenga nyumba ya vyumba 2, na kila Ijumaa fundi anampigia kuomba saruji. Mimi niko bedsita ya Donholm, jengo jipya. Mlango wa bafu unagonga kitanda.

Agosti nikapokea simu kutoka namba nisiyoijua. Ni yule mwanamke wa raba nyeupe. Alikuwa amehifadhi namba kutoka kwa lile tangazo letu la kwanza.

“Ile nyumba yenu ya Buru,” akasema. “Bado iko?”

Nikamwambia iliuzwa.

Akanyamaza. Kisha akaniambia, bila mimi kuuliza, kwamba walilipa asilimia 10 huko kwingine, shilingi 780,000, halafu malipo ya miezi 8. Jengo liko pale pale. Wamemtafuta wakili. Wakili amewaambia wasome mkataba ukurasa wa 14. “Hamia kesho yako,” akasema, akacheka kicheko kikavu. “Si walisema kesho? Hawakusema kesho gani.”

Nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Nilifungua kinywa kabisa. Nikamwuliza kama unyevu wa jikoni ndio uliowafukuza kwetu.

“Hapana,” akasema. “Mume wangu alisema inanuka kama kwa shosho yake.” Akangoja kidogo. “Kwani kuna mwingine anauza, hapo kwa koti yenu?”

Nikamwambia sijui, lakini nitamwuliza mama.